Kuku Aliyelala Kwenye Tela

Pelagia na Renatus,

Tangu Jumatatu ile baba yenu alipofariki, sikuwahi kufungua mlango wa tela lile la kulalia safarini. Alikuwa amelinunua siku tisa tu kabla, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akijenga barabara, ili tukienda kwa bibi yenu Kibondo tusihangaike kulala kwa watu njiani. Matanga yalikuwa hayajaisha mpaka wiki hii, basi halikuweza kutoka uani.

Leo tumelifungua, tumekuta kuku aliyepenyea dirishani analalia mayai kitandani. Pelagia ukasema, "Mama, mpangaji katutangulia!" Mkacheka, nami nikawafokea kwamba safari hakuna. Kitanda kile baba yenu hakukilalia hata mara moja, hilo ndilo lililoniuma. Lakini yeye angecheka kuwashinda. Nisameheni, wanangu.

Kuku mhamishieni jikoni, kwenye kapu, na mayai yake yote. Godoro lianikeni juani. Chambueni maharage ya njiani.

~~Tela tutamwachia baba mdogo auze.~~ Hapana, hilo nimelifuta.

Nimekwenda Heru Juu kumwomba baba mdogo Nestori aje na Landrova. Kesho asubuhi tunalivuta mpaka Kibondo, sisi watatu pamoja naye.

Mama yenu