Jiko la Longisa Limejengwa Tena

S.L.P. 61,
Ndanai.
9 Machi, 1997.

Mpendwa Shangazi Tapkigen,

Chamgei. Magoti yako yanaendeleaje na hilo joto la Voi? Kimeli aliandika kwamba siku hizi unafika sokoni bila fimbo. Nilifurahi, ingawa namjua huyo mwanao kwa kutia chumvi. Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Mvua imeanza na chai inachipua vizuri.

Barua yako ya Januari niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nililia. Uliandika kwamba tangu jiko lako la Longisa libomolewe ili nyumba ya mabati ijengwe, hakuna kazi ya mikono yako iliyobaki duniani. Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nipate jibu.

Nilipomaliza kozi ya kuchora ramani za nyumba, nilikusimulia juu ya wanawake tulioonyeshwa vitabuni, waliochora majumba makubwa ya ng'ambo na kupamba kuta zake. Picha zao bado nimezibandika juu ya meza yangu. Mimi nikajiona tayari ni mwenzao. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa jiko la Mellen, yule Mkisii anayeuza vitenge, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa. Nilimchorea bomba refu la kutoa moshi wote nje, na jiko likawa safi kama zahanati.

Shangazi, nilisahau dari. Mahindi aliyoyaweka juu ya jiko hayakupata moshi hata kidogo, na kufikia Krismasi fukusi walikuwa wamekula nusu. Aliniita mbele ya kikundi kizima.

"Chelimo, hiyo bomba yako ni mzuri sana," akasema. "Imepeleka moshi kwa mbingu, ikaniachia mimi dudu."

Wanawake saba waliokuwa wakingoja niwachoree wakasema watatafuta mtu mwingine. Kwa aibu nikawa nakaa benchi la nyuma kanisani.

Ndipo barua yako ikafika. Nikiwa nalia niliona lile jiko lako wazi kabisa: dari ya fito juu ya meko, na ukuta wa nyuma uliouacha mfupi ili moshi upitie kwanza kwenye mahindi na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kisha utokee chini ya paa. Macho yako hayakuwahi kuwa mekundu kama ya Mama. Nami miaka yote hiyo nilidhani ulichoka tu kuumaliza ukuta.

Nikachora upya, nikamsihi Mellen anipe nafasi moja tu. Fundi Kepher aliuliza aache milimita ngapi kati ya ufito na ufito. Nikamwambia kidole cha shangazi yangu, maana ndivyo ulivyopima, tena ni kinene kuliko changu. Alicheka, lakini akajenga. Kuta nimezipaka mwenyewe kwa majivu na udongo mwekundu, kwa michoro yako. Mstari mmoja umepinda, utanisamehe.

Moshi ulitii. Mellen anapika bila kukohoa, dari ni kavu, na wale saba wamerudi wote. Asante, Shangazi. Asante kwa kuniacha nikande udongo wako nikiwa mdogo, na kwa kunifokea nilipoukanda vibaya. Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Jiko la Janefer, la kwanza kati ya hayo saba, lilimalizika juzi. Unajua moto wa kwanza huwashwa na mama anayeheshimiwa. Walipoanza kuchagua, Mellen akasema jiko hili lina mwenyewe, angojwe. Kwa hiyo wanakungoja.

Mama anakusalimu sana, pia Kipkirui na Babu Kimutai. Msalimie Kimeli na watoto. Mungu akulinde na aitengeneze njia yako.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye daima,
Chelimo.

N.B. Usikawie. Mvua imezidi, na Janefer bado anapikia nje.