Hewani Hakuna Pembeni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu zangu, kabla hujaanza kupima unene wa bahasha na kujiuliza mwanao kafanya nini tena. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi ulichoniulizia kiliondoka chenyewe baada ya kuona hakuna anayekishughulikia. Wewe je? Mgongo unasemaje? Usinijibu kwamba hujambo tu, kama unavyomjibu daktari. Shangazi huniandikia, na shangazi hajui kuficha. Mpe salamu zake, ila usimwambie kwamba nimemtaja.

Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Umeandika kwamba madereva wenzako pale hospitalini siku hizi wanakuita Rubani. Umeandika pia kwamba mkuu wa usafiri alipokuuliza utastaafu lini, ulimjibu kwamba huachii usukani mpaka uendeshe gari la wagonjwa linalopaa, lile analolitengeneza mwanao. Mwishoni ukaniuliza ni lini hasa. Nitakujibu, Mama, lakini niruhusu nianzie mbali kidogo, maana jibu lenyewe si la sentensi moja.

Karakana yetu unaijua kwa maneno tu. Zamani ilikuwa ghala la magodoro, na mpaka leo ukigonga dari zinadondoka nyuzi za sufi. Tuko sita pamoja na bosi. Gari letu fundi umeme alilibatiza Bata, kwa sababu bata anatembea, anaogelea na akilazimishwa anaruka, lakini hakuna hata kimoja anachokifanya vizuri. Bosi alikasirika, kisha na yeye akaanza kuliita hivyo hivyo. Shida yetu ndiyo hiyo, Mama. Gari linataka uzito ili litulie barabarani, na chombo cha kupaa kinataka wepesi. Tukiweka bampa na milango ya kustahimili ajali, halinyanyuki. Tukivitoa linapaa, lakini likirudi barabarani upepo wa lori moja tu unalisukuma mtaroni. Na betri ya kulifikisha mbali ni nzito mno, nusu ya nguvu zake zinaishia kujibeba yenyewe. Mshika mawili moja humponyoka, na sisi tumeshika mawili mwaka wa tano huu.

Hata hivyo liliruka, na hilo asikubishie mtu. Mwezi uliopita, asubuhi, Bata alinyanyuka uani akakaa juu dakika kumi na moja, na mimi nililia waziwazi mbele ya wanaume watano bila haya. Bahati mbaya upande wa pili wa ukuta kuna dobi, na siku hiyo alikuwa ameanika mashuka ya hoteli nzima. Upepo wa mapanga yake yanayozunguka uliyachukua yote ukayapeleka juu ya nyaya za umeme. Alikuja na ufagio, akiuliza ni nani aliyepasua mtungi wa gesi. Bosi alimwomba radhi, tukamfulia mashuka yake upya, kisha bosi akamwuliza kama yeye mwenyewe asingependa kuwa na gari kama hilo siku moja. Dobi akasema angependa sana, ila lisipite juu ya kwake. Tangu siku hiyo nimewauliza wengi, na wote ni dobi tu: kila mtu anataka kupanda, hakuna anayetaka kupitiwa juu ya paa.

Wiki mbili baadaye alikuja mkaguzi, mama mmoja mpole, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Bila kibali chake haturuhusiwi kumpakia mtu, na kibali hakitoki mpaka msimamizi wa usalama wa karakana atie sahihi kwanza. Msimamizi huyo ni mimi. Alimzunguka Bata, akagonga hapa, akavuta pale, kisha akaomba kijitabu cha maelekezo, akaketi juu ya kreti akisome. Alipofika ukurasa wa nne alivua miwani, akaifuta, akasoma tena kwa sauti: taa nyekundu ikiwaka, egesha pembeni, weka pembetatu nyuma ya gari, kisha mwite fundi. Akatuuliza, kwa upole kabisa, huko pembeni ni wapi.

Kijitabu kile kilipita mezani kwa watu sita, Mama, na hakuna aliyeshtuka. Na aliyeandika maneno yale ni mimi. Niliyaandika bila kufikiri, kwa sababu ndiyo sheria uliyonifundisha wakati bado sifikii usukani: taa ikiwaka, pembeni kwanza, mengine baadaye. Sote mle ndani ni watu wa magari. Tumezoea kwamba chombo kikigoma unakisukuma kando, unafungua boneti, unakuna kichwa. Fundi umeme alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Nilikumbuka siku injini ilipokuzimikia kwenye ule mlima, na nyuma una mama mwenye uchungu. Uliliacha gari liserereke mpaka kando, ukasimamisha lori la kabichi, mkampandisha juu ya magunia, na mtoto akazaliwa hospitalini salama. Kila ukisimulia unasema mtoto yule wangemwita Kabichi. Mkaguzi aliponiuliza kama niko tayari kutia sahihi, nilimwona yule mama angani, taa imewaka, na wewe umeshika usukani unatafuta pembeni. Nikaiweka kalamu chini. Kwa hiyo Bata hataruka na mtu, na aliyemzuia si serikali wala mkaguzi. Ni mwanao.

Bosi alininunia siku tatu. Salamu zake zilikuwa za kidevu tu. Siku ya nne alikuja na viti viwili, akanikalisha, akaniambia kwamba alikuwa amemwahidi mkewe kumpakia wa kwanza, na alipomsimulia kisa cha pembeni mkewe alimwuliza kama amepanga kuoa tena. Tulicheka sana, na baada ya kucheka tukaanza kuambiana ukweli. Magurudumu yanatoka. Hatutengenezi tena gari la kila mtu la kwendea sokoni. Tunatengeneza chombo cha kupaa tu, cha wagonjwa tu, kitakachokwenda kutoka hospitali moja hadi nyingine kwa njia inayojulikana, na kila baada ya kilomita chache pawe na uwanja mdogo wa kutua uliokwisha kutayarishwa. Mapanga yatakuwa manane badala ya manne, ili mawili yakifa mengine yabebe. Mkaguzi amesema mpango huo yuko tayari kuusikiliza. Kuusikiliza tu, hajasema zaidi, lakini mimi nimefurahi kama mtu aliyepewa kibali chenyewe. Ni mara ya kwanza naingia karakana asubuhi nikiamini kwamba kitu hiki kitakuja kubeba watu.

Ila kitachukua muda, miaka minane kwa uchache, na atakayekiendesha ni rubani wa kusomea. Sasa nimefika kwenye swali lako, na hapa kalamu inaniwia nzito. Wewe hutakiendesha, Mama. Na hilo sikulijua siku ya mkaguzi. Nililijua tangu mwaka juzi. Nilipiga hesabu za uzito na betri kwenye kipande cha boksi, nikarudia mara mbili, nikaona wazi kwamba gari lile halitafika hospitali yoyote wewe ukiwa bado kazini. Wiki ile ile ikaja barua yako kwamba umepeleka fomu ya kustaafu. Ningekuandikia ukweli, leo ungekuwa unapumzika. Badala yake nilikuandikia kwamba usubiri kidogo tu, mwakani utaruka. Ukaenda ukaichukua fomu yako, ukarudi kwenye usukani. Mwaka ukaisha, ukaniuliza tena, nami nikaandika mwakani tena.

Ningependa kusema kwamba nilikuhurumia, kwamba sikutaka kukuvunja moyo. Si kweli. Nilipenda jinsi ulivyonisimulia kwa watu. Mtoto wa dereva anatengeneza gari linalopaa! Nilijua siku nitakapokwambia ukweli, nitarudi kuwa mtoto wa dereva tu. Shangazi ananiambia siku hizi unajifunga kitambaa kiunoni ndipo upande kwenye kiti, na ukishuka unaushikilia mlango mpaka maumivu yapite. Maumivu ya miaka miwili hiyo nimekubebesha mimi. Nisamehe, Mama. Naona aibu, na nimekaa na aibu hiyo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Usidhani kwamba kwetu huna kazi. Mlango wa machela tumeuweka ubavuni, na bosi anashuku tumekosea, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kubeba mgonjwa. Anataka mtu aliyewasafirisha miaka ishirini na sita aje akae nasi mwezi mmoja, atukemee. Nilimwambia kwa kukemea hatajuta. Lakini uje mgongo ukishapona, si kabla.

Ndani ya bahasha utakuta fomu mpya ya kustaafu. Nimeijaza yote, mpaka tarehe uliyoajiriwa, ambayo shangazi alinitafutia kwenye makaratasi yako bila wewe kujua. Pamebaki pa sahihi tu, na hapo siwezi kukushika mkono. Najua utanikasirikia, na una haki. Nikasirikie mpaka uchoke. Ila nakuomba, nikasirikie ukiwa umekaa nyumbani, si kwenye kile kiti.

Nisalimie jirani wa ukuta na paka wake, na madereva wenzako wote. Wakikuuliza habari za lile gari, waambie mwanao alikudanganya. Wakicheka, acha wanicheke mimi.

Mwanao akupendaye, anayekaa tayari kukemewa,

Kitindamimba wako