Wimbo Usio na Mlango

Onsare, rafiki yangu,

Naanza kwa kukulaumu, na wewe unanijua, hutashangaa. Umekufa bila kunionyesha wimbo wetu unaishia wapi.

Ule uliorudi nao kutoka vita vya Burma, uliofundishwa na askari weusi wa Marekani, wenyewe wakiuita bluzi. Wiki tatu tuliupanga migombani nyuma ya nyumba ya mama yako hapo Nyamira, kwa kuwa alitufukuza uani. Wewe na tarumbeta, mimi na obokano, kile kinubi cha baba chenye nyuzi nane. Tarumbeta ilikuwa na sauti moja iliyopinda, inayonung'unika kama mtu aliyenyimwa haki yake. Obokano haikuwa nayo. Nikaulegeza uzi wa tatu, kidogo, kidogo tena, mpaka nao ukanung'unika. Baba alisema nimeharibu chombo. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nilipouliza mwisho wake uko wapi, ulisema, "Wewe zunguka tu. Mlango nitafungua mimi." Ukiipiga ile sauti iliyopinda mara mbili, nazima nyuzi kwa kiganja, tumetoka. Kila Jumapili alasiri kule hotelini Kisii ulifungulia mahali tofauti, ukiona wachezaji wamechoka. Nami, mvivu, sikujifunza. Majuto ni mjukuu.

Tangu homa ikuchukue nimefungiwa ndani ya wimbo huo. Nikiuanza siwezi kutoka. Nikiukatiza naona nimekutupa njiani. Na ule uzi wa tatu nimekataa kuukaza, kwa hiyo nyimbo za harusi hazipigiki. Watu wa Marani wameniita harusini mara mbili, nikasingizia kidole. Mke wangu anasema nimeoa maiti. Nilikasirika, lakini hakusema uongo.

Juzi mama yako akaniita. Alitaka kusikia "zile kelele zenu." Nikamwambia siwezi peke yangu. Akaniwekea kigoda uani, palepale alipokuwa akitufukuza. Nikapiga. Majirani wakaja, wakacheza, wakachoka, wakaketi, wakanitazama. Vidole vikachubuka. Niliogopa, Onsare. Nilikuwa nalia mbele za watu na mkono umekataa kusimama.

Mama yako akaingia ndani, akatoka na tarumbeta yako, bado imefungwa kwa shati lako la jeshi. Akaipuliza. Kwanza pumzi tupu. Akajaribu tena, ukatoka mlio mbaya wa ndama aliyekanyagwa mguu. Wewe ungeanguka kwa kicheko. Hakuna aliyecheka.

Akaniambia, "Mwanangu, yeye alifanya mara mbili." Akavuta pumzi, akapuliza tena.

Nikazima nyuzi.

Kumbe siku zote zile, tukidhani ametukasirikia, alikuwa jikoni anatusikiliza. Mimi niliyeketi kando yako nimeuchukua wimbo nusu. Yeye aliushika wote.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Kesho nitaukaza uzi wa tatu niende Marani, maharusi wa watu wasiningoje zaidi. Wimbo wako nitaupiga uani kwa mama tu, maadamu ana pumzi ya kunifungulia. Na siku pumzi yake itakapokwisha, nakuahidi, nitajifunza kuupuliza ule mlio mwenyewe, nimtoe na yeye.

Mwenzako wa nyuzi,
Nyaundi