Kikohozi cha Siku Zote

Kaka yangu,

Sisi huku bado tunapumua, kama huku ni kupumua. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo zangu.

Unauliza kwa nini tulichelewa kumpeleka Mama hospitali. Umesahau bondeni? Hapa chini ya kiwanda cha saruji kukohoa ndiyo hodi yetu. Korona ilipoingia, Mama alikohoa nasi tukadhani ni vumbi. Alipozidiwa nilimbeba mgongoni. Daktari hakumgusa hata kwa kidole.

"Nyinyi weusi wa bondeni ndivyo mnavyokohoa," akasema. "Mrudishe akapumzike."

Hapo hapo akaingia mzungu wa kilimani, meneja wa kiwanda, kwa miguu yake mwenyewe. Akawekewa oksijeni kabla hajakaa vizuri.

Mama alikata roho tukiwa njiani kurudi.

Jana kiwanda kilitugawia barakoa zenye nembo yake, tukapigwa picha. Niliona kinyaa, lakini nilizipokea kwa mikono miwili. Zinafaa kufutia vumbi lao juu ya kaburi la Mama.

Usihangaike kuja. Na ukinisikia nakohoa kwenye simu, ni kile kile cha siku zote.

Ni mimi, dada yako.