Aniulize Mguu Gani

Nyumba za Madaktari, Namba 6,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Mgongo wako umepoa, au bado unajitia kijana na kubeba mizigo? Sisi huku tu wazima wa mwili tu. Mama anakohoa kidogo, ila kugomba hajaacha.

Umeuliza mbona niko kimya. Kaka, nimemharibia mtu mguu. Fundi cherehani alikuja na mshipa wa kisigino uliokatika, mguu wa kushoto. Tukamlaza kifudifudi, nami nikapasua wa kulia, mzima kabisa! Sikuuwekea alama ya kalamu, nilijiona mjuzi mno. Sasa hana mguu wa kukanyagia cherehani.

Hospitali ikamwomba tukae kwa msuluhishi kabla ya kwenda mahakamani. Hapo madaktari tukagawanyika. Mkuu wetu wa upasuaji, tunayemwita Sindano, alinifokea: "Ukikaa pale umejitia kitanzi mwenyewe!" Daktari wa usingizi akasema kesi itachukua miaka, na hata nikishinda, yule baba hatajua kilichompata. Mwanasheria wetu alinikataza neno moja tu: nimekosa.

Tulikutana katika chumba cha mafaili, watu wanne, feni inakwaruza juu. Msuluhishi, muuguzi mstaafu, alimwacha fundi aanze. Alieleza taratibu, hakupaza sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Nimekosa. Sikukagua." Mwanasheria akafumba macho.

Usidhani tulikumbatiana. Fundi hakunisamehe, na aliniambia hivyo usoni. Amekubali tu kuacha kesi, hospitali imtunze mpaka apone. Mguu wa kushoto bado unangoja kupasuliwa, na ameomba daktari mwingine. Lo, iliniuma! Lakini ametoa sharti, nalo limeandikwa kwenye makubaliano: "Huyu mama awepo. Kabla sijapewa usingizi, aniulize mguu gani, na asubiri nimjibu."

Sindano hasemi nami tangu siku hiyo. Potelea mbali. Upasuaji ni Jumanne, nami nitasimama kando ya kitanda chake nimwulize. Naogopa, Kaka, kuliko siku ya kwanza niliposhika kisu.

Nisalimie Wifi, Shangazi, na yule mtundu wenu Kibonge. Mungu awafunike nyote, na mnapoomba, mtajeni na fundi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Daktari wenu