Kangaruu Mwenye Chapati Mfukoni

Jumapili, Isipingo, huku ugenini. Mvua ndogo ya kero tangu alfajiri, nguo zinaning'inia mpaka juu ya jiko, na mimi leo nimenuna kwa raha zangu.

Dada yangu Rehema amenipiga marufuku kumsomea mtoto wake vitabu.

Mimi! Niliyewachekesha wapakiaji pale bandarini mpaka winchi ikasimama hewani!

Vitabu vyenyewe nilivileta mimi. Vilikuwa chini kabisa ya boksi la mitumba ninayouza karibu na stendi ya teksi: vitabu vya picha vya watoto wadogo, vyote wanyama wa Australia. Kurasa ngumu, hata umpe mbwa haziraruki. Nikasema hivi haviuzwi, hivi ni vya Zena. Zena ni binti wa Rehema, ana miaka minne, na Jumapili mama yake akiwa zamu kiwandani Pinetown, mtoto anabaki na mimi.

Maandishi ni ya Kiingereza. Sasa mimi darasa la tano lilinitosha, na Kiingereza changu nilikisoma ubavuni mwa makontena. Kwa hiyo sisomi maandishi, nasoma picha. Na kwenye picha hajazaliwa profesa wa kunishinda.

Koala nilimwambia ni mlinzi wa usiku, ndiyo maana mchana kutwa amelala kakumbatia mti. Kangaruu ni teksi ya abiria mmoja, na mle mfukoni mama kamwekea mwanawe chapati asisumbue njiani. Nikamwambia pia nilimwona mmoja akiruka kutoka melini mpaka juu ya paa la ghala. Hilo nalisimamia popote.

Ijumaa mwalimu wa chekechea akawaonyesha watoto picha ya kangaruu. Zena akasimama, akawaeleza wenzake habari za chapati. Kwa Kiswahili. Mwalimu hakuambulia neno, akamwita Rehema.

"Kaka, mwakani anaanza shule," Rehema kaniambia leo asubuhi, viatu mkononi. "Msomee kilichoandikwa au acha kabisa. Unamharibu."

Namharibu?

Mtoto ambaye mama yetu akipiga simu kutoka Kigoma anasema "hello, Bibi", anaongeza Kiingereza chake na kukimbia? Mama alikuwa anauliza, "Amesema nini?" Akauliza, akauliza, akachoka. Siku hizi haombi tena apewe mjukuu wake. Hilo ndilo linaloniuma, wala si mwalimu.

Nikamsomea. Ndiyo, nimesoma, na marufuku yake kichwani.

Jioni Rehema ndiyo kwanza anaingia, Mama akapiga kwa video. Zena alikuwa mapajani kwangu. Akainyakua simu, akaielekeza kwenye kitabu.

"Bibi, ona! Huyu iko na mfuko kwa tumbo. Mtoto yake iko ndani."

"Mnyama ana mfuko? Mjomba wako kakudanganya. Huyo muongo tangu ananyonya."

"Si uongo, Bibi! Na iko na chapati!"

"Chapati sawa. Mfuko, hapana."

Eish! Chapati niliyoitia mimi imepita bila swali, na mfuko aliopewa na Mungu ndio unaonivunjia heshima. Walibishana mpaka bando likakata. Mama alicheka hadi akajifuta machozi na khanga. Hakuna aliyewatafsiria hata neno moja.

Rehema alikuwa mlangoni, aproni ya kiwandani bado mwilini. Kaingia jikoni, kageuza nguo zilizolowa.

Marufuku hajaiondoa. Asiiondoe.

Kiingereza mwalimu atamfundisha, ndiyo kazi yake, na ataifanya vizuri tu. Mimi Jumapili ijayo nafungua ukurasa wa yule mwenye mdomo wa bata na manyoya kama paka. Picha inaonyesha mayai, na pembeni vitoto vinanyonya. Hapo sitatia chumvi hata punje. Na bado Mama ataniita muongo mpaka sauti imkauke.

Aniite. Mradi akipiga, aseme: nipeni Zena, huyu nataka kubishana naye.