Matone ya Ghislaine

Matane, 12 Oktoba 1997

Mwanangu Ghislaine,

Hujambo huko Quebec? Sisi wazima, ila goti la baba yako limeanza kulalamika kabla hata theluji haijaanguka.

Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wako. Josiane akiamka asubuhi, mto una damu. Meno ya mbele yanacheza kama ya mtoto, na ana miaka ishirini na sita! Daktari wa meno wa hapa amemwambia ayang'oe yote kabla ya harusi, aolewe na ya bandia yaliyopangika vizuri. Naye amekubali. Siku ya kung'oa imeshapangwa, mwezi wa tatu.

Sasa wewe si ndiye uliyetusimulia Pasaka kuhusu matone mnayowatia panya puani huko maabara, fizi zao zikawa salama? Njoo nayo Krismasi. Kichupa kimoja tu. Kitie kwenye soksi, nani atajua?

Mama yako


Quebec, 20 Oktoba 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mpe baba pole ya goti. Mimi sijambo, baridi tu.

Hapana, Mama. Sileti.

Usirarue barua kwanza, nisikilize. Matone yale yanaufundisha mwili kumtambua bakteria kabla hajaingia. Pua na mdomo ni ukoo mmoja: ukiufundisha utando wa puani, hata mate yanatoka na kinga. Panya wazima tuliowapa matone kwanza, tukawaambukiza baadaye, mifupa ya taya zao ilibaki imara. Hiyo ndiyo habari niliyowapa Pasaka.

Lakini kuna wengine, waliokuwa wameshaugua ndipo tukawapa. Hao nilipowapima taya, nilirudia kupima mara mbili. Mfupa umeliwa zaidi kuliko wa wale ambao hatukuwapa chochote! Kumbe si bakteria peke yake anayekula mfupa. Ni mwili wenyewe, kwa hasira ya kumfukuza, unabomoa nyumba unayoilinda. Sisi tuliuongezea hasira.

Na Josiane ameshaugua.

Mwambie asing'oe. Nenda naye Rimouski kwa Daktari Arsenault, bingwa wa fizi. Anasafisha chini kabisa, mpaka kwenye mizizi ya jino. Inauma na inachosha, lakini inaokoa meno.

Binti yako


Matane, 27 Oktoba 1997

Ghislaine,

Barua tumeipata. Panya wanapata dawa, ndugu yako anapata mahubiri. Josiane ameisoma akacheka, halafu akajifungia chumbani.

Krismasi baki na panya wako.

Fernande


Quebec, 8 Februari 1998

Mama,

Shikamoo. Najua mko salama, maana baba hunipigia simu ukiwa kanisani. Usimgombeze.

Nimekaa kimya kwa kuwa ulitaka ninyamaze. Leo sinyamazi tena, yamenifika.

Mkuu wetu, Daktari Vaillancourt, aliniita ofisini. Kuna kampuni inataka kuyanunua matone. Akaniambia, "Wale panya waliougua mapema, waweke kando."

"Kando wapi?"

"Kando ya ripoti. Wanachafua matokeo."

"Hawachafui, Daktari. Ni wagonjwa. Na watu watakaokuja kuyapigania matone haya ni wagonjwa vilevile."

Akacheka. "Ghislaine, nani amewahi kufa kwa fizi? Meno yakitoka, watu si wanaweka mengine?"

Nikamwambia, "Njoo Matane, umwambie mama yangu hivyo."

Akanisukumia karatasi niweke sahihi. Sikuweka. Kesho yake asubuhi ufunguo wangu ulikataa kufungua chumba cha panya. Wamebadilisha kitasa, Mama, kama mtu anayemfukuza mke!

Basi nimeiandikia kamati inayotusimamia, nikaeleza habari za panya wote, wazima kwa wagonjwa. Wakinifukuza, na wanifukuze. Wewe nilikunyima, nawe ni mama yangu. Huyu ni nani hata nimwogope?

Binti yako


Matane, 15 Machi 1998

Mwanangu,

Natumaini unakula. Baba yako nimemgombeza, usimwonee huruma.

Nilikuwa na hasira na wewe. Lakini nilipofika pale mkuu wako anapouliza nani amewahi kufa, hasira ikahama. Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kuwaambia ninyi watoto. Mlidhani meno yangu yaliharibika. Hapana. Mwaka 1959, wiki moja kabla ya harusi, babu yako alinipeleka yakang'olewa yote, ili mume wangu asije akasumbuliwa na gharama za meno. Ilikuwa zawadi! Mengi yalikuwa mazima. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na hakuna aliyeniuliza. Sikufa, kweli. Nilikaa nimefunika mdomo kwa mkono mpaka mlipozaliwa.

Siku ya miadi ilipofika, nilimwambia Josiane nitamwendesha mimi. Tukafika mlangoni kwa daktari, nikakanyaga mafuta.

"Mama, umepapita!"

"Najua nimepapita."

"Unanipeleka wapi?"

"Rimouski. Ukitaka kushuka, ruka."

Alinitukana hadi Baie-des-Sables. Kisha akaanza kulia, akasema anaogopa maumivu. Nikamwambia hata mimi naogopa. Arsenault amemkwangua upande mmoja, wiki ijayo upande wa pili. Meno mawili hayataokoka. Mengine anasema atayapigania.

Nawe usiweke sahihi popote.

Mama yako


Quebec, 2 Juni 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Fizi za bibi harusi zinaendeleaje?

Kamati imesoma. Imeamuru ripoti itolewe na panya wote ndani. Kampuni imejitoa. Vaillancourt amebaki kitini kwake, na mkataba wangu hawakuuongeza. Ndivyo ilivyokwisha.

Ila mama mmoja mtafiti wa Halifax ameisoma ripoti, akanipigia simu. "Sina haja na wale waliosalimika," akasema. "Nataka wale walioharibikiwa. Hapo ndipo pa kuanzia." Nahamia huko mwezi wa tisa. Sijui kama tutapata matone yasiyomdhuru aliyekwisha kuugua. Huenda ikachukua miaka, huenda isiwezekane. Lakini naenda.

Binti yako


Matane, 3 Agosti 1998

Mwanangu,

Umeondoka juzi tu na nyumba imepoa. Sahani yako ya mahindi bado iko mezani, baba yako hataki itolewe.

Picha za harusi zimefika. Unakumbuka mpiga picha alivyomwambia Josiane, "Bibi harusi, funga mdomo kidogo, pengo linaonekana"? Mimi nilikuwa nyuma, sikusikia jibu lake. Ameniambia leo. Alimwambia, "Pengo ni langu na yaliyobaki ni yangu. Piga!" Kisha akaachama kama kiboko. Katika kila picha, mwanangu, unaona mpaka magego. Hakuna nzuri hata moja, na nimezitundika zote.

Nenda Halifax. Wakikufukuza na huko, njoo nyumbani ule kwanza, ulale, halafu urudi ukagombane.

Mama yako